Picha Inapocheza, Mwalimu Yuko Wapi?

Wanangu walimu wa chekechea, na nyinyi wazazi mnaowapandisha watoto kwenye gari la shule alfajiri wakiwa bado wanasinzia, marahaba. Nimeitikia kabla hamjaniamkia kwa sababu maneno ni mengi na pumzi zangu si nyingi.

Jambo la leo nimeshalisema kwenye vikao vya wazazi, kwenye kamati za shule, hata misibani, kule ambako watu wazima wakikaa sana hufika kwenye habari za watoto. Kila mara hunijibu, “Kweli kabisa, bibi.” Wiki ikifuata runinga inawashwa tena saa nne, vikombe vya uji vikishakusanywa, na watoto wa miaka mitatu, minne, mitano wanakalishwa mkekani kutazama katuni hadi saa ya kurudi nyumbani. Sikasiriki tena, maana hasira ni kazi ya wenye nguvu. Mie nimebakiwa na subira, nayo inanitaka nianze upya na niseme polepole.

Kwanza, sikuja kuilaani runinga. Zanzibar walianza kuwa na televisheni mwaka 1973. Sisi wa Bara tulikaa bila kituo chetu hata kimoja mpaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona ni anasa ya wachache. Kwa hiyo wengi wetu tuliofundisha miaka ile hatukujua picha inayocheza darasani. Msidhani basi kwamba wote walifundisha vizuri kuliko nyinyi. Yalikuwapo madarasa ambamo watoto waliimba a, e, i, o, u asubuhi nzima, mwalimu amesimama dirishani anahesabu mabasi barabarani. Watoto wale hawakuwa na runinga, na mwalimu pia hawakuwa naye. Nalitaja hilo mapema ili mjue kwamba sina ugomvi na kioo. Nina ugomvi na mwalimu anayeondoka akaacha kitu kingine kimshikie zamu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama mtoto mdogo atazame filamu au katuni saa za darasa, hanipati kwa ndiyo wala hapana. Namuuliza kwanza: picha inapocheza, mwalimu yuko wapi? Akiwa jikoni, kwenye simu, ofisini anakusanya ada, au kwenye kona anasahihisha madaftari, jibu langu ni izimwe. Akiwa pale pale, ameipa picha ubavu na uso ameuelekeza kwa watoto, basi tunaweza kuzungumza.

Niliwahi kumuuliza mwalimu mmoja kijana, katika shule ambayo kuitaja hakuna faida, kwa nini watoto wake hutazama katuni kila siku. Aliniamkia vizuri, nikaitikia, kisha akaniambia, “Bibi, wakitazama wanatulia.” Alisema kweli, na ndani ya maneno yale mlikuwa na uchovu ninaoufahamu. Serikali imeweka lengo la mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali. Ni wangapi kati yenu wenye 25? Huyu anataka kwenda haja, huyu kamng'ata mwenzake, yule wa jana bado anamlilia mama yake, na mwingine kakaa kimya kumbe ana homa. Mshahara ni mdogo, msaidizi hakuna, na mwenye shule anapita mlangoni kusikiliza kama kuna kelele. Ukibonyeza rimoti kelele zinakatika. Ambaye hajawahi kushinda na watoto arobaini peke yake asikucheke.

Lakini, mwanangu, kunyamaza ni kitu kingine na kutulia ni kitu kingine. Kutulia ni kazi anayoifanya mtoto mwenyewe: anajizuia mkono, anangoja zamu yake, anameza kilio, anakumbuka sheria ya mchezo ingawa angependa kuivunja. Kazi hiyo hujifunzwa kwa kuifanya, kila siku, mbele ya mtu anayekurudi kwa upole. Mtoto aliyetekwa na katuni haifanyi. Ukiizima, ile kelele uliyoikimbia unaikuta palepale, na watoto wako hawajapiga hatua hata moja ya kuishinda. Waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye walikuwa na maana hii. Anayenunua kimya cha leo kwa runinga atakilipia darasa la kwanza, na mara nyingi atakayelipa ni mwalimu mwingine.

Na wala si maneno ya wazee watupu. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani, Angeline Lillard na Jennifer Peterson, waliwachukua watoto 60 wa miaka minne wakawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilitazama katuni ya mbio nyingi kwa dakika 9. La pili likatazama kipindi cha taratibu cha kuelimisha. La tatu likapewa kalamu za rangi lichore. Baadaye wote wakapewa majaribio ya kujizuia na kufuata maelekezo: ukiambiwa shika kichwa wewe shika vidole vya miguu, kitu kitamu hiki hapa, usikile mpaka nirudi. Waliotoka kwenye katuni ya mbio walifanya vibaya kuliko wenzao. Utafiti ule ulipima hali ya mtoto mara tu baada ya kutazama. Haukusema kwamba ameharibika maisha yake yote, na mie sisemi hivyo. Lakini hebu tazameni ratiba zenu. Katuni huwashwa asubuhi wakati wa kuwangoja waliochelewa, au mara baada ya uji, kisha inazimwa na somo la kuhesabu linaanza. Mwalimu amewapunguzia watoto uwezo wa kusikiliza katika saa ileile aliyokuwa akiuhitaji, halafu anagonga meza kwa rula na kuuliza kwa nini leo hawasikii.

Angalieni jinsi hadithi zetu zilivyoundwa. Mtambaji akisema “Paukwa!” hasogei mbele mpaka asikie “Pakawa!” Akisikia sauti mbili tatu tu, hurudia. Kwingine husema “Hadithi, hadithi!” akangoja aambiwe hadithi njoo. Kitendawili hakitegwi mpaka wenzako waseme “Tega!” Na anayeshindwa kukitegua haruhusiwi kunyamaza tu, anadaiwa mji. Atataja Bagamoyo, mtegaji ataukataa. Ataongeza Ujiji, mtegaji atajivuta kidogo, kisha ataukubali na kutoa jibu. Ndani ya mchezo huo mdogo mtoto amesikiliza, amekumbuka, amepatana, ameshindwa mbele za watu na hakulia. Mtambaji naye ana macho. Akiona mmoja anasinzia, huingiza wimbo. Akiona mwingine ameanza kuogopa, hulipunguzia zimwi meno.

Katuni hailipunguzii zimwi meno kwa sababu haimwoni anayeogopa. Hata zile za kufundisha, zinazosema “Haya, hesabu pamoja nami,” hungoja kidogo, kisha zinashangilia: “Vizuri sana!” Zinashangilia kama mtoto amepata, kama amekosea, na kama hakufungua kinywa. Aliyeiita sita tisa anapigiwa makofi sawasawa na aliyeiita sita. Akisifiwa hivyo mwaka mzima, mtoto anajifunza kwamba jibu lake halina uzito. Mwalimu hata akiwa amechoka, hata akiwa na watoto sitini, anaweza kusema, “Hapana, Juma, hebu hesabu tena kwa vidole.” Neno hilo moja ndilo wazazi wanalolipia ada.

Najua mzazi atakayenikatiza hapa. Atasema, “Bibi, lakini zinawafundisha Kiingereza.” Mzazi huyu ninamheshimu. Kajinyima, kampeleka mwanawe shule ya Kiingereza, na anafurahi kumsikia anataja rangi na wanyama kwa lafudhi ya Kimarekani. Ngoja nimsimulie. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, walichapisha jaribio lao kwa watoto wa miezi 9 waliokuwa wakilelewa kwa Kiingereza. Baadhi walikaa na mtu aliyewasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina, vikao 12. Wengine waliwekewa mambo hayohayo kwenye televisheni. Waliokaa na mtu walianza kuzitenganisha sauti za Kichina. Waliotazama televisheni walitoka sawa na watoto ambao hawakuwahi kukisikia Kichina.

Utaniambia wako ni mkubwa kuliko hao, na ni kweli. Mtoto wa miaka minne huokota maneno kwenye picha, kama anavyoyaokota kwa kondakta wa daladala. Lakini maneno ya kuokota si lugha. Mwambie mtoto huyohuyo aombe maji kwa Kiingereza hicho, au aeleze nani amemsukuma na kwa nini. Lugha inamkaa mtu anapohitaji kitu na mwenzake akamjibu, akakosea akarekebishwa, akataka tena. Kama shule imekuahidi Kiingereza, uliza ni mwalimu gani anayezungumza nacho na mwanao. Ukionyeshwa runinga ya ukutani, umeonyeshwa ukuta.

Sasa niupe haki upande wa pili, maana mawaidha ya upande mmoja hugeuka ugomvi.

Pale Dar es Salaam wapo watu wa Ubongo, ambao tangu 2014 wanarusha katuni zilizotungwa kwa ajili ya watoto wa Kiafrika. Katika Akili and Me yumo msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na usiku akilala huingia kwenye nchi ya ndoto akajifunza herufi na namba pamoja na wanyama rafiki zake. Watafiti waliwaonyesha watoto wa shule za awali za Morogoro kipindi hicho kwa wiki kadhaa, na matokeo yakachapishwa 2018. Walioitazama Akili walisonga mbele katika kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Siwezi kuwaficha hilo eti kwa kuwa linanipunguzia hoja. Picha nzuri humfundisha mtoto, hata ndani ya darasa. Ila shikeni na upande wake wa pili: watoto wale waliwekewa kipindi kilichotungwa kwa umri wao, kwa ratiba iliyopangwa, na waliolinganishwa nao walikuwa na runinga pia. Runinga ilikuwa sawa kwa wote; tofauti ililetwa na kilichokuwa ndani yake.

Zanzibar nako, katika miaka ya 2000, kulikuwa na vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, kwa ajili ya watoto wadogo wa sehemu ambako skuli za maandalizi zilikuwa haba. Redio iliuliza swali, ikanyamaza ili watoto wajibu, ikawaimbisha, ikawarusharusha. Na palepale walipo watoto palikuwa na mtu mzima wa kuwaongoza. Aliyevitunga alijua kwamba sauti inayotoka kwenye chombo inahitaji mtu wa kuipokea. Hiyo ni Paukwa na Pakawa iliyopitishwa kwenye mawimbi, na mie naiunga mkono kwa mikono miwili.

Na mwaka wa korona hatukuusahau. Shule za Tanzania zilifungwa Machi 2020 na za msingi zikafunguliwa tena 29 Juni. Wenzetu wa Kenya, watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Masomo yakaenda kwa redio na televisheni. Tulishukuru, ingawa asiye na umeme wala king'amuzi alibaki nje. Runinga iliitwa kazini wakati ule kwa kuwa mwalimu hakuweza kufika. Leo mwalimu yupo, hatua tano kutoka mkekani. Kilichoihalalisha runinga mwaka ule hakipo tena.

Kuna na hesabu ya saa, ambayo wengi hawaipigi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Aprili 2019. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, skrini isiwepo kabisa. Mtoto wa miaka miwili hadi minne, muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1 kwa siku, na ukiwa pungufu ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri huo apate dakika zisizopungua 180 za kuchezesha mwili katika siku. Sasa pigeni wenyewe. Shule ikishaitumia ile saa moja asubuhi, mtoto anarudi nyumbani hana salio. Na nyumbani mnajua kulivyo: dada wa kazi ana tamthilia yake ya mchana, kaka ana mpira, baba ana taarifa ya habari, mama akichoka anampa simu ili apike. Hakuna hata mmoja anayejiona amekosa, kwa sababu kila mmoja amempa mtoto kidogo tu. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka wa masomo kwetu una siku 194. Saa moja ya katuni kila siku ni saa 194, na ukizigawa kwa dakika 20, ambazo ndizo zinazomtosha mtoto mdogo kwa kipindi kimoja, unapata vipindi 582. Hakuna mwenye shule atakayethubutu kuwaandikia wazazi kwamba mwaka huu amefuta vipindi 582. Anavifuta hivihivi, bila barua.

Kuhusu yanayotazamwa nitapita haraka, kwa sababu kila mwenye akili anayaona. Flashi inayojazwa muvi dukani kwa shilingi chache haijui ni ya chekechea. Ndani yake mna katuni, na baada ya katuni mna filamu ya mapanga iliyotafsiriwa kwa matusi ya kuchekesha watu wazima. Nchi hii ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu 1976, na bodi inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji. Lakini bodi haiji kukaa mkekani kwako. Nako kwenye intaneti, video moja ikiisha nyingine inajileta yenyewe. Mtoto akilala usiku anaweweseka, mama anakimbilia kusema ana jicho la mtu. Aulize kwanza shuleni kulichezwa nini.

Baada ya hayo nisiwaache mkono mtupu. Mwalimu mwanangu, kama shule yako ina runinga au projekta na unataka kuitumia, sikukatazi. Fanya hivi.

Itazame wewe kwanza, mwanzo hadi mwisho, usiku wake. Usiwape watoto kitu ambacho hujakionja.

Ukiweza kuwaonyesha kitu chenyewe, usiwaonyeshe picha yake. Kuku yupo uani, mhindi upo shambani kwa jirani, mvua inanyesha juu ya bati lenu. Ni aibu kumfungia mtoto ndani atazame katuni ya mvua wakati mvua inamwita nje. Picha iachie yale ambayo miguu yake haiwezi kumfikisha. Mtoto wa Dodoma hajaiona bahari. Mtoto wa Pemba hajaiona treni ya SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Hakuna kati yao aliyeona nyangumi, au moyo unavyodunda kifuani. Hapo runinga ina kazi ya maana, na haitachukua zaidi ya dakika chache.

Anza na swali kabla hujawasha. “Nyangumi ni mkubwa kuliko nini?” Waache wabishane: kuliko ng'ombe, kuliko basi, kuliko nyumba ya babu. Kisha washa. Simama ubavuni mwa skrini, watazame wao. Picha umeshaiona, usiyoyajua ni macho yao. Yakikodoka, simamisha. Yakizubaa, simamisha. Uliza nini kitafuata. Mtoto akisema jambo la ajabu, usimcheke, mwulize amelionea wapi. Dakika tano za picha zikikuzalia dakika kumi na tano za maneno, umefundisha. Dakika arobaini za picha zisizozaa hata neno moja, ulikuwa umewafungia.

Ikizimwa, mikono ifanye kazi. Wamuumbe nyangumi kwa udongo wa kichuguu, wampime kwa hatua uwanjani, wamchore mchangani kwa vijiti. Kama picha ilikuwa ya mbegu kuota, kila mmoja apande harage kwenye kopo na alimwagilie mwenyewe. Harage litachukua siku kadhaa kuchomoza, na mtoto atakuja kila asubuhi kuchungulia. Kungoja huko ni somo ambalo hakuna katuni iliyowahi kulifundisha, kwa sababu kwenye katuni harage huota kwa sekunde mbili.

Na siku ukizidiwa, mwanangu, maana zitakuwepo, siku ya mvua kubwa, siku unaumwa na hakuna wa kukushikia, ukawasha ili upumue kidogo, sitakuhukumu. Washa kitu cha taratibu, kifupi, na jioni uwaambie wazazi ukweli: leo tumetazama, kwa sababu hii. Ukiona unashindwa kuwaambia, jua kwamba sababu yenyewe haikusimama.

Nyinyi wazazi, mtaniwia radhi, lakini mzigo huu si wa mwalimu peke yake. Wapo wanaochagua shule kwa ukubwa wa runinga iliyoko ukumbini na vikaragosi vilivyochorwa ukutani, na choo cha watoto hawakwenda kukitazama. Wapo wanaomlaumu mwalimu mtoto akirudi na vumbi magotini. Mtoto mwenye vumbi magotini amecheza, na aliyecheza amejifunza. Mtoto aliyerudi na soksi nyeupe kama alivyoondoka ndiye wa kuulizia. Jioni badala ya kumwuliza “leo mmetazama nini?” mwulizeni “leo mwalimu amekuuliza nini?” Akikosa jibu siku moja, si neno. Akikosa wiki nzima, nendeni shuleni. Nendeni kwa adabu, msimvamie mwalimu mbele ya watoto. Ketini na mwenye shule, kwa sababu mara nyingi mwalimu anatenda alichopangiwa.

Na wewe mwenye shule, nakuachia la mwisho kwa kuwa ndiwe mwenye rimoti ya kweli. Unapotaka kununua runinga ya pili, keti na mhasibu wako mwulizane: fedha hii ingemlipa msaidizi wa darasa kwa miezi mingapi? Msichana au kijana aliyemaliza kidato cha nne, mpole, anayejua nyimbo na anayeweza kumsindikiza mtoto chooni, atamrudisha mwalimu wako kwenye kazi yake. Mkono mtupu haulambwi. Mwalimu unayemlipa kiduchu na kumwachia watoto arobaini atatafuta wa kumsaidia, na msaidizi pekee uliyempa ni kile kioo ukutani. Huwezi kumkataza kukitumia kabla hujampa mtu. Ukishampa mtu, kataza.

Januari shule zikifunguliwa, fanyeni jambo moja dogo. Kwenye ratiba ya darasa inayobandikwa mlangoni, pale penye kuimba, kuhesabu, kucheza na kupumzika, andikeni na dakika za runinga: siku gani, dakika ngapi, kipindi gani, na jina la mwalimu atakayesimama pembeni yake. Liandikwe kwa herufi kubwa ili mzazi alisome akiwa amemshika mtoto mkono. Ratiba ikiwa haina jina la mwalimu mahali hapo, runinga isiwashwe siku hiyo. Haigharimu kitu zaidi ya karatasi na kalamu ya wino mzito, na itamaliza ubishi wote huu unaonichosha.

Nimesema, na najua nitasema tena. Mwenyezi Mungu awape walimu wadogo afya na mishahara inayotosha, awape wazazi nafasi ya kuwasikiliza watoto wao, na awape wenye shule hofu ya kuulizwa. Kazi iliyobaki ni yenu.